Namna ya Kuchunguza Jinsi Wasikilizaji Weusi Walivyoyapokea Makundi ya Rapu ya Wazungu Mwanzoni mwa Hip-hop

Mtu anayetaka kuandika makala, kuandaa kipindi cha redio au kufanya utafiti wa chuo kuhusu wazungu wa kwanza walioingia katika muziki wa kufokafoka hukutana mapema na majibu mawili yaliyokwisha kutayarishwa. La kwanza linasema kwamba Wamarekani Weusi waliwakataa kwa sababu ya rangi yao, na la pili linasema kwamba muziki hauna rangi na kila mwenye kipaji alipokewa kwa mikono miwili. Majibu yote mawili yanauficha ushahidi, kwa sababu yanawachukulia wasikilizaji wale kuwa kundi moja lenye sauti moja, ilhali walikuwa watu wa mitaa na miji tofauti, waliosikia nyimbo tofauti katika miezi tofauti, na mara nyingi walikuwa wameshaucheza wimbo kabla hawajaiona sura ya aliyeughani. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuufikia ushahidi huo na kuupima, kuanzia mwaka 1979, santuri za rapu zilipoanza kuuzwa madukani, hadi mwaka 1992 hivi.

Ligawe swali kabla ya kutafuta jibu

Kuupenda wimbo ni jambo moja, kumheshimu aliyeughani ni jambo la pili, na kumkubali awe msemaji wa utamaduni mzima ni jambo la tatu, ambalo ndilo lililozusha ugomvi karibu kila mara. Kijana wa Harlem aliyeiomba redio irudie "Hold It Now, Hit It" ya Beastie Boys, kundi la wazungu watatu wa New York, mwaka 1986 alikuwa amesema kwamba mdundo ule umemkolea, basi. Hakuwa amesema lolote kuhusu nani ni mwenye hip-hop. Kwa hiyo kila ushahidi unaoupata uandike chini ya mojawapo ya mambo hayo matatu, wala usiuruhusu uvuke kutoka jambo la kwanza hadi la tatu bila sababu. Makala nyingi huharibika hapa, kwa kuwa mwandishi huona idadi ya santuri zilizouzwa akahitimisha kwamba watu "waliwakubali", au huona dhihaka ya mwaka 1991 akahitimisha kwamba watu "hawakuwahi kuwakubali".

Kumbuka pia kwamba mzungu hakuwa mgeni kabisa katika mazingira ya hip-hop kabla hajashika maikrofoni. Tangu DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, Cindy Campbell, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx tarehe 11 Agosti 1973, hadhira ilikuwa ya Weusi pamoja na vijana wenye asili ya Puerto Rico, na mmoja wa vijana hao, Charlie Chase, alikuja kuwa DJ wa Cold Crush Brothers. Ukumbi maarufu wa Disco Fever huko Bronx uliendeshwa na Sal Abbatiello, Mmarekani mwenye asili ya Italia, na usiku wa hip-hop katika ukumbi wa Roxy, Manhattan, mwaka 1982, uliandaliwa na mwanamke Mwingereza aliyejulikana kama Kool Lady Blue. Mzungu mwenye ukumbi, mzungu meneja na mzungu mwandaaji walikuwa wamezoeleka. Kilichokuwa kipya ni mzungu anayeghani, na hicho ndicho unachokichunguza.

Anzia nyuma ya rapu

Haiwezekani kuelewa shaka ya wasikilizaji hawa bila kujua walichokuwa wamekirithi kwa wazazi wao. Mwaka 1956 Pat Boone alirekodi upya "Tutti Frutti" ya Little Richard, na toleo lake lililopozwa likapanda juu zaidi kwenye chati ya jumla kuliko la mwenyewe. Mzazi aliyeyaona hayo akiwa kijana ndiye aliyekuwa na santuri sebuleni wakati mwanawe anaanza kusikiliza rapu, na mazungumzo kuhusu nani huvumbua na nani hulipwa hayakuhitaji kufundishwa shuleni.

Lakini urithi ulikuwa na upande wa pili, ambao waandishi wengi huuacha. Mwaka 1979 Motown, kampuni ya santuri iliyojulikana kwa muziki wa Weusi, ilitoa albamu ya kwanza ya Teena Marie, mwanamke mzungu, ikaweka kwenye jalada mandhari ya bahari badala ya sura yake, na wasikilizaji wengi Weusi wakaipokea sauti ile kama ya mmoja wao. Walipokuja kumwona, hawakumwacha. Mwaka 1981 alitoa "Square Biz", wimbo ambao ndani yake anaghani ubeti mzima, na ukapanda juu sana kwenye chati ya muziki wa Weusi. Ukiziweka kumbukumbu hizi mbili pamoja, ya Pat Boone na ya Teena Marie, utaona kwamba msikilizaji Mweusi wa miaka ya 1980 alikuwa na vipimo vilivyokomaa vya kumpima mzungu aliyekuja na muziki wake, na ni vipimo hivyo unavyopaswa kuvitafuta.

Litenganishe sikio na jicho

Kwa kila wimbo unaouchunguza, andika tarehe tatu: lini wimbo ulianza kusikika, lini sura ya mwimbaji ilianza kuonekana, na lini maoni unayoyanukuu yalitolewa. Zoezi hili ni dogo, lakini limenifumbua macho kuliko jingine lolote katika mada hii.

Chukua mfano wa Rick Rubin, aliyekuwa mwanafunzi wa New York University alipotengeneza "It's Yours" ya T La Rock mwaka 1984. Mdundo ule wa ngoma kavu na nzito ulipokewa kama kazi ya mtu aliyekulia ndani ya hip-hop, na Russell Simmons, ambaye baadaye aliendesha naye kampuni ya santuri ya Def Jam, ni mmoja wa waliosimulia jinsi walivyoshangaa kugundua kwamba aliyeutengeneza ni mzungu. Vivyo hivyo kwa "Hold It Now, Hit It" ya Beastie Boys, iliyotoka mwanzoni mwa 1986: ilipigwa kwenye kumbi na redio za Weusi wakati ambapo wengi hawakujua kabisa walioghani ni nani. Maoni ya wakati huo ni ya sikio. Miezi michache baadaye "Fight for Your Right" ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya muziki ya MTV na kupigwa kwenye redio za roki, na vijana wa kizungu waliokuwa hawajawahi kununua santuri ya rapu wakaanza kujazana kwenye maonyesho. Maoni ya wakati huu ni ya jicho, tena jicho linaloona pia ni nani anayesimama kando yako ukumbini. Kundi ni lile lile na albamu ni ile ile, lakini swali lililokuwa mbele ya msikilizaji Mweusi lilikuwa limebadilika.

Zisome chati kwa kujua zilivyotengenezwa

Jarida la Billboard lilikuwa na chati ya pekee ya nyimbo zilizopendwa na Weusi. Hadi Juni 1982 iliitwa ya Soul, kisha ikaitwa ya Black hadi Oktoba 1990, ilipobadilishwa kuwa ya R&B. Ilitengenezwa kwa taarifa za maduka na vituo vya redio vilivyohudumia wateja Weusi, na kwa sababu hiyo ina thamani kubwa kuliko chati ya jumla ya Hot 100 kwa anayefanya kazi yetu. Nakala nyingi za zamani za Billboard zinasomeka bure mtandaoni, na inafaa uzipitie ukurasa kwa ukurasa badala ya kutegemea muhtasari, kwa sababu utaona pia matangazo ya kampuni na safu za wahariri waliokuwa wakiufuatilia muziki wa Weusi kwa karibu, mmojawapo akiwa Nelson George.

"Licensed to Ill" ya Beastie Boys ilikuwa albamu ya kwanza ya rapu kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya jumla ya albamu, Machi 1987. Jambo hilo hunukuliwa kila mahali, lakini kuhusu wasikilizaji Weusi halisemi kitu, kwa kuwa ushindi ule ulibebwa na wanunuzi wa kizungu wa vitongoji vya nje ya miji. Chenye kusema ni kwamba "Hold It Now, Hit It" na "Paul Revere" ziliingia kwenye chati ya Black. Chati hiyo nayo isichukuliwe kama msahafu: taarifa zilitolewa na wenye maduka kwa kukadiria, na kanda zilizouzwa barabarani au kunakiliwa nyumbani hazikuhesabiwa popote. Uhesabuji wa kompyuta uliingia kwenye chati ya albamu Mei 1991 tu. Angalia pia usiichanganye chati hiyo na ile ya Hot Rap Singles iliyoanza 1989, ambayo ilihesabu wapenzi wa rapu wa rangi zote.

Redio ni bora zaidi, kama una uvumilivu. Vipindi vya Mr. Magic kwenye WBLS na vya Kool DJ Red Alert kwenye WRKS, vituo vya redio vya New York, vilirekodiwa na wasikilizaji kwa kaseti, na wakusanyaji wamezigeuza nyingi kuwa faili za sauti. Ukiipata kanda, isikilize yote, wala usiruke moja kwa moja hadi kwenye wimbo wa waghani wa kizungu. Andika ni wimbo gani uliotangulia, ni upi uliofuata, DJ aliukata katikati au aliuacha ufike mwisho, na alisema nini juu yake. DJ aliyejali hadhira yake hakuweka katikati ya kipindi wimbo ambao ungewafanya wasikilizaji wazime redio, kwa hiyo mpangilio wenyewe ni ushuhuda.

Ufuatilie ukumbi mmoja mmoja

Ukumbi ndipo mahali ambapo mtu hupokewa au hukataliwa papo hapo, na historia ya Beastie Boys inafaa kuchunguzwa kwa utulivu kwa sababu walipita katika kumbi za aina zote ndani ya muda mfupi. Walianza kama bendi ya panki. Walipoanza kughani, walinunua suti za michezo nyekundu zinazofanana na kuzivaa kwenye onyesho mbele ya hadhira ya Weusi huko Queens, ambako walikuwa wakimtangulia mghani Mweusi Kurtis Blow, na kwa masimulizi yao wenyewe waliishia kufananishwa kwa kejeli na Menudo, kundi la wavulana waimbaji kutoka Puerto Rico. Itazame dhihaka ile kwa makini. Kilichochekwa ni mavazi ya watu wanaoigiza kitu wasichokuwa, na somo hilo wanakundi hao watatu, Mike D, MCA na Ad-Rock, walilielewa, kwani walirudi kwenye nguo zao za kawaida na kwenye mizaha yao wenyewe.

Mwaka 1985 walimtangulia Madonna katika ziara yake ya kwanza, wakazomewa usiku baada ya usiku na hadhira ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa wasichana wa kizungu. Mwaka uliofuata walikuwa kwenye ziara ya "Raising Hell" pamoja na waghani Weusi waliokuwa wakivuma, Run-D.M.C., LL Cool J na Whodini, wakizunguka miji ya Marekani ambako ukumbi ulijaa Weusi karibu wote, na huko, kwa masimulizi ya walioshiriki, watu waliwafuata. Mtafiti anayeshikilia kwamba rangi ndiyo iliyoamua kila kitu atapata shida kueleza kwa nini watoto wa kizungu waliwazomea na vijana Weusi wakawashangilia. Anayeshikilia kwamba rangi haikuwa na uzito wowote naye aulize ingekuwaje kama si Run-D.M.C. waliowasimamia, maana kundi hilo liliwapa hata nyimbo: "Slow and Low" ilikuwa ya Run-D.M.C. kabla haijaingia kwenye albamu ya Beastie Boys. Kuletwa na mwenyeji kulikuwa na nguvu kuliko tangazo lolote.

Ukitafuta taarifa za kumbi, tumia magazeti ya miji na hasa magazeti ya Weusi, kwa mfano New York Amsterdam News na Chicago Defender, ambayo yanapatikana katika maktaba za vyuo vikuu. Majarida ya vijana Weusi kama Right On! na Word Up! yana barua za wasomaji, na barua ya msomaji wa miaka 15 iliyoandikwa mwaka 1987 ina uzito kuliko insha nzuri ya mwanazuoni iliyoandikwa miaka 30 baadaye.

Weka habari za mji kando ya habari za muziki

Wasikilizaji hawa walikuwa wakazi wa miji yenye misukosuko mikubwa ya ubaguzi, na kuiacha misukosuko hiyo nje ya simulizi ni kuwadhulumu. "Licensed to Ill" ilitoka Novemba 1986. Tarehe 20 Desemba mwaka huo huo Michael Griffith, kijana Mweusi, alikufa huko Howard Beach, Queens, alipogongwa na gari akikimbia genge la vijana wa kizungu lililokuwa likimpiga. Agosti 1989 Yusuf Hawkins, aliyekuwa na miaka 16, aliuawa kwa risasi huko Bensonhurst, Brooklyn, baada ya kuzingirwa na kundi la wazungu. Mwishoni mwa mwaka huo huo Def Jam ilitoa albamu ya kwanza ya 3rd Bass, wazungu wawili waghani, MC Serch na Pete Nice, pamoja na DJ wao Mweusi, Richie Rich. Ndiyo miaka ambayo Public Enemy, kundi la rapu lililoghani siasa za Weusi, walikuwa kileleni na mafundisho ya Five Percenters, kundi la Weusi lililotokana na Nation of Islam, yaliyoanzia Harlem katika miaka ya 1960, yalisikika katika mistari ya Rakim na Brand Nubian. Mzungu aliyeshika maikrofoni mwaka 1989 alisimama mbele ya hadhira yenye majeraha mabichi, jambo ambalo mwenzake wa mwaka 1981 hakulikuta kwa kiwango hicho.

Hapo ndipo 3rd Bass wanapostahili sifa. Hawakujifanya wametoka mahali wasipotoka. Katika "Product of the Environment" walieleza walivyokulia ndani ya utamaduni huu, na katika "The Gas Face" walimpa nafasi Zev Love X wa kundi la KMD, kijana ambaye baadaye dunia ilimjua kama MF DOOM. MC Serch ndiye pia aliyesimamia utayarishaji wa "Illmatic", albamu ya mghani Mweusi Nas, mwaka 1994. Lakini mtafiti awe macho: katika "Sons of 3rd Bass" kundi hilo linawashambulia Beastie Boys kwa kutokuwa wa kweli, na ni rahisi kuunukuu wimbo ule kama hukumu ya Weusi. Ni hukumu ya wazungu wawili wanaowania nafasi ile ile. Inaonyesha walichodhani hadhira inataka kusikia, na kwa hicho tu ina manufaa.

Kesi ya Young Black Teenagers inafundisha jambo jingine. Lilikuwa kundi la vijana wa kizungu lililojipa jina la "vijana Weusi", likatoa albamu mwaka 1991 chini ya usimamizi wa Hank Shocklee, mtayarishaji yule yule wa Public Enemy. Baraka ya mtayarishaji Mweusi anayeheshimika haikutosha, kwani jina lenyewe liliwaudhi wengi na albamu haikuvuma. Usihesabu kibali cha mtu mmoja mkubwa kuwa kibali cha hadhira.

Mpangie Vanilla Ice matukio yake kwa zamu

Mghani huyu mzungu hakuwa kundi, lakini hakuna anayeweza kumkwepa, na ndiye anayesimuliwa vibaya kuliko wote kwa sababu watu huanza simulizi yake kutoka mwisho. Vanilla Ice, ambaye jina lake halisi ni Robert Van Winkle, alijipatia jina katika City Lights, ukumbi wa Dallas uliojaa Weusi, ambako alishinda mashindano na kupata meneja. "Ice Ice Baby" ilitoka kwanza kama upande wa pili wa santuri, na DJ mmoja wa Georgia alipoigeuza santuri hiyo na kuupiga upande huo, simu za wasikilizaji zikafuata. Wimbo ulipanda hadi kumi bora za chati ya R&B, na tarehe 3 Novemba 1990 ukawa wimbo wa kwanza wa rapu kushika nafasi ya kwanza kwenye Hot 100. Hadi hapo ushahidi unaonyesha kwamba Weusi wengi waliununua na kuucheza.

Kisha mambo matatu yakaja kwa pamoja. Wasifu rasmi ulidai kwamba alikulia katika mitaa migumu ya Miami, na gazeti la Dallas Morning News likaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ujana wake ilipita kwenye viunga vya Dallas. Kiitikio kilifanana na mwito wa Alpha Phi Alpha, chama cha wanachuo Weusi kilichoanzishwa mwaka 1906. Na albamu ilikaa kileleni kwa wiki 16, ikimletea mtu mmoja fedha ambazo wakali wa New York waliomtangulia kwa miaka kumi hawakuwahi kuziona. Mwaka 1991 Arsenio Hall, mtangazaji Mweusi mwenye hadhira kubwa ya Weusi, alimhoji katika kipindi chake. Vanilla Ice alimleta Flavor Flav wa Public Enemy jukwaani, na Arsenio akamuuliza kama amemleta ili kuonyesha kwamba ana Mweusi anayemuunga mkono. Itafute kanda ya mahojiano hayo, uitazame mara ya kwanza kwa ajili ya maneno, na mara ya pili uwasikilize waliokaa ukumbini. Mwaka huo huo kipindi cha vichekesho cha In Living Color, cha Keenen Ivory Wayans, kilimfanyia mzaha, na 3rd Bass wakatoa "Pop Goes the Weasel" dhidi yake.

Naona kwamba hasira ile ilikuwa ya haki, na kwamba haikuelekezwa kwenye rangi peke yake. Uongo kuhusu mahali mtu alipotoka ni kosa kubwa katika sanaa ambayo mghani huanza kwa kutaja mtaa wake.

Angalia wanamuziki Weusi walichokitumia tena

Katika hip-hop, kuichukua sauti ya mtu na kuipiga upya ni namna ya kusema kwamba sauti hiyo ina thamani. Debbie Harry, mwimbaji mzungu wa bendi ya Blondie, alipoghani katika "Rapture" mwaka 1981, aliwataja Fab 5 Freddy na Grandmaster Flash kwa majina. Mwaka huo huo Flash alitoa "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel", dakika saba hivi za santuri zilizounganishwa kwa mikono yake miwili, na mle ndani sauti ya Debbie Harry akimtaja Fab 5 Freddy inasikika ikikatwa na kurudishwa katikati ya "Good Times" ya Chic na "Another One Bites the Dust" ya Queen. Aliyetajwa amejibu, na amejibu kwa kazi yake. "Genius of Love" ya Tom Tom Club, bendi iliyoanzishwa na wazungu, iligeuzwa kuwa "Genius Rap" na Dr. Jeckyll & Mr. Hyde, na kuwa "It's Nasty" na Grandmaster Flash & the Furious Five. Mwaka 1995, The Pharcyde walijenga "Drop" juu ya sauti iliyotoka kwenye "The New Style" ya Beastie Boys. Tengeneza orodha ya matumizi ya aina hii kwa kila kundi unalolichunguza, na pale ambapo wimbo uliouzwa sana haukuguswa na mtu yeyote, liandike hilo pia.

Wapime mashahidi wa baadaye

DMC wa Run-D.M.C. ameeleza zaidi ya mara moja kwamba Beastie Boys walifaulu mbele ya hadhira ya Weusi kwa sababu hawakujaribu kuwa Weusi, bali walighani kuhusu maisha yao wenyewe. Chuck D, ambaye Public Enemy yake iliwatangulia Beastie Boys katika ziara ya 1987, alisimama pamoja na LL Cool J kuwaingiza katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2012. Maneno yao ni ya kuaminika kwa waliyoyaona, lakini hawa walikuwa marafiki, wasanii wa mzunguko mmoja wa biashara, na watu waliokaa jukwaani. Hawakukaa kwenye viti. Yanukuu maneno yao, kisha utafute aliyenunua tiketi.

Hoja ya DMC ina msaada unapofika mwaka 1992, kundi la wazungu la House of Pain lilipotoa "Jump Around" juu ya mdundo wa mtayarishaji DJ Muggs. Walijitangaza kuwa watoto wa ukoo wa Ireland, na kiongozi wao, Everlast, alikuwa amepitia kwanza katika Rhyme Syndicate, kikosi cha wasanii cha mghani Mweusi Ice-T. Walikuja na asili yao wenyewe na mwenyeji wa kuwatambulisha, mambo yale yale mawili yaliyowafaa Beastie Boys mwaka 1986.

Usiichanganye Bronx na Dar es Salaam

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake wa pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J alighani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby", na kanda yake ni miongoni mwa misingi ya rapu ya Kiswahili nchini Tanzania. Kwa vijana wa Dar es Salaam wa wakati ule, wimbo huo ulikuwa sauti mpya kutoka Marekani kama zilivyokuwa sauti nyingine, na ugomvi kuhusu nani alikulia Miami au Dallas haukuwa na uzito kwao. Wao nao ni wasikilizaji Weusi, na mapokezi yao yanastahili makala yao. Ukiwahoji wazee wa Bongo Flava kuhusu Vanilla Ice, weka majibu yao katika sura tofauti na yale ya Harlem au Dallas, uyaeleze kwa mazingira yake, maana kumbukumbu nzuri ya Kariakoo haiwezi kutumika kukanusha hasira ya New York.

Kwa Waswahili walioko Marekani kuna nafasi ambayo wenzao wa nyumbani hawana. Cornell University, Ithaca, ina mkusanyiko mkubwa wa hip-hop wenye vipeperushi vya sherehe, picha, kanda na majalada ya habari za magazeti, na sehemu ya vipeperushi hivyo imewekwa mtandaoni. Schomburg Center iliyoko Harlem nayo hupokea wasomaji wa kawaida. Kisha wako majirani, waumini wenzako na wafanyakazi wenzako Weusi waliozaliwa kati ya 1965 na 1975. Ukimhoji mmoja wao, usianze kwa kumuuliza aliwaonaje waghani wa kizungu, kwa sababu atakupa jibu la leo. Muulize alikuwa akikaa mtaa gani mwaka 1986, alisikiliza redio ipi na saa ngapi, ni nani aliyekuwa na kaseti ya kwanza ya Beastie Boys katika jengo lao, na ni lini alipowaona kwa mara ya kwanza. Mwache ataje nyimbo mwenyewe. Akianza kughani mstari bila kuombwa, andika ni mstari upi, na andika pia kama waliokuwa karibu naye waliumalizia.